Huyo Polisi Ni wa Nyumba Gani?

Kuna sentensi moja niliyoiandika ikasifiwa sana, na hadi leo naionea aibu. Ni hii:

"Mpelelezi shupavu analazimika kuchagua kati ya sheria na damu anapogundua kwamba kiongozi wa genge analolisaka ni ndugu yake wa kumfuata."

Watu wa filamu wanaiita loglaini. Ni ile sentensi moja, zikizidi sana mbili, unayomuuzia prodyuza hadithi yako kabla hajaifungua skripti. Yangu niliipeleka kwenye warsha fulani Nairobi. Mkufunzi aliisoma mara mbili kwa sauti, akasema ina mvuto wa kimataifa. Akasema inaweza kuchezwa Lagos, Mexico au Naples bila kubadilisha hata neno. Wenzangu wakapiga makofi, nami nikapanda gari kurudi Maua nikiwa nimevimba kichwa.

Hebu ipime hiyo sifa. Mtu akikwambia nyumba yako inaweza kuhamishiwa mtaa wowote, si amekwambia tu kwamba haina msingi?

Lakini sikuliona hilo siku ile. Aliyenionyesha ni shangazi yangu, ambaye hajawahi kuhudhuria warsha ya aina yoyote. Nilimkuta kwa baraza lake akipanga miraa na kuifunga kwa majani ya mgomba, maana gari la kwenda Nairobi halimngoji mtu. Nikamsomea sentensi yangu. Akaendelea kufunga. Halafu akauliza, bila hata kuinua macho:

"Huyo polisi ni wa nyumba gani?"

Nikamwambia hiyo si muhimu.

"Mama yao yuko wapi?"

Nikamwambia hayumo kwenye hadithi.

"Na ni nani aliyekufa? Mtoto wa nani?"

Hapo nilinyamaza, kwa sababu kwenye sentensi yangu hakukuwa na maiti. Kulikuwa na genge, sheria, damu kwa maana ya ukoo, lakini hakuna mtu aliyekuwa amemwaga damu yenyewe. Nilikuwa nimeandika hadithi ya uhalifu isiyo na aliyedhulumiwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikigombana na sentensi za aina hii popote ninapozikuta, na ninazikuta kila mahali. Vijana wa huku wananitumia kazi zao niwape maoni. Mmoja ana wakili na baba mwizi. Mwingine ana askari na mpwa muuza bangi. Mwingine ana jaji, na mwanawe ameletwa mbele yake kizimbani (jambo ambalo lingemwondoa jaji huyo kwenye kesi asubuhi hiyohiyo, lakini tuache). Zote zina lile neno "lazima achague", na zote zina mizani yenye sahani mbili: hapa sheria, pale familia. Nasema mizani hiyo ni ya uongo. Hapa kwetu sijawahi kumwona mtu akichagua kati ya sheria na familia. Kila aliyebanwa niliyemjua, alibanwa kati ya jamaa yake na jamaa yake mwingine. Sheria ilikuwa tu kalamu iliyotokea kuwa mkononi mwake.

Tuanze na huyo mpelelezi. Tunampenda kwa sababu tumelelewa naye. Mohamed Said Abdulla alitupa Bwana Msa mwaka 1960, Katalambulla akaleta Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha Elvis Musiba na Willy Gamba wake, Ben Mtobwa na Joram Kiango. Ni urithi mzuri, na simruhusu mtu aubeze mbele yangu. Lakini wapelelezi hao wana uhuru mmoja wa ajabu: hawana ukoo. Sikumbuki Willy Gamba akipigiwa simu na binamu kuombwa fidi ya shule. Sikumbuki Joram Kiango akikosa kumkamata mtu kwa sababu siku hiyo alikuwa kwenye kamati ya mazishi. Wanaingia, wanafumbua, wanaondoka. Unapomchukua mtu wa namna hiyo na kumpachika ndugu mhalifu, umempa ndugu wa kukodi. Mtazamaji anajua tangu dakika ya tano kwamba wawili hawa hawakuwahi kulala kitanda kimoja wala kugombania mfupa.

Tena mpelelezi wa kweli wa Maua mara nyingi si mtu wa Maua. Ni afisa wa kutoka mbali. Leo yuko hapa, kesho barua inamhamishia Turkana. Kwake kesi ya miraa ni faili. Ukitaka kuona serikali na ukoo vikikaa ndani ya ngozi moja, usiende kituo cha polisi. Nenda kwa chifu, na hasa kwa naibu wake, yule tunayemwita sabuchifu. Cheo hicho tulikirithi kwa mkoloni na bado kipo. Sabuchifu analipwa na serikali lakini ni mtoto wa hapo. Anajua mpaka wa shamba lako kwa sababu baba yake alikuwepo ulipowekwa. Ndiye anayeandika barua unapotafuta kitambulisho. Mtu akifia nyumbani, ndiye anayejaza fomu ya kifo na kutoa kibali cha kuzika.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Huyo mtu anaandika kilichomuua marehemu. Nani alihitaji genge?

Sasa hebu tumweke kazini. Igembe usiku mashamba ya miraa hulindwa, kwa sababu mti uliokomaa ni mshahara, na majani ya wiki nzima yanaweza kukatwa na kubebwa kwa gunia kabla jogoo hajawika. Mwizi wa miraa akishikwa gizani, mara nyingi hafiki kwa polisi. Hilo kila mtu wa hapa analijua na wengi wetu hatulizungumzi mbele ya wageni. Pia kila mtu anajua kwamba vijana wachumaji hupanda miti, na miti mingine ni mizee na mirefu, na wakati mwingine mtu huanguka. Kwa hiyo kijana akikutwa asubuhi chini ya mti wa miraa, amekufa, kuna sentensi mbili zinazoweza kuandikwa. Alianguka. Au alipigwa.

Shamba ni la kaka yake sabuchifu. Kijana ni mtoto wa dada yao.

Mazishi ni Jumamosi.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini nikatoka nje kupumua. Sikuwa nimebuni kitu kikubwa. Nilikuwa nimejibu tu maswali matatu ya mwanamke anayefunga miraa. Lakini tazama kilichotokea kwenye mizani. Kaka amesimama upande huu, dada upande ule, na sabuchifu amezaliwa tumbo moja na wote wawili. Hawezi kukimbilia familia, maana familia ndiyo inayovutana. Hawezi kukimbilia sheria pia. Sheria inasema kifo cha namna hiyo kiende kwa polisi na mwili upasuliwe na daktari, na akifanya hivyo atakuwa amemtendea dada haki na kumfunga kaka. Na ni kaka huyohuyo anayelipa fidi ya watoto wa dada waliobaki. Kumbuka hao waliobaki. Dada mwenyewe, mama wa marehemu, anaweza kuja usiku kumwomba sabuchifu aandike "alianguka". Hapo ndipo mimi ningeweka kamera, kwa huyo mama mwenye mtoto mmoja kaburini na wengine watatu darasani.

Kuna jambo la kisheria ambalo waandishi wenzangu wangelijua, wangeacha hizo magenge zao kesho. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 396, inamweleza mtu anayemsaidia mkosaji kukwepa adhabu baada ya kosa kutendeka, na inamhesabu kuwa mkosaji yeye pia. Lakini kifungu hicho kinawatoa mke na mume. Mke akimficha mumewe, hapati hatia hiyo. Mume akimficha mkewe, vilevile. Basi. Mama hayumo. Dada hayumo, kaka hayumo, shangazi hayumo. Yaani shemeji aliyeolewa mwaka jana anaweza kumficha mumewe chini ya kitanda na sheria ikatazama pembeni, lakini mama aliyemzaa mtu huyo, aliyemnyonyesha, akimfungulia mlango wa nyuma na kumwonyesha njia, amefanya kosa. Sheria yetu iliazimwa kutoka Uingereza, na huko waliona ndoa ndiyo familia. Huku kwetu, ukimuuliza mtu mzima familia ni nani, mke atatajwa, ndiyo, lakini si wa kwanza.

Hiyo tofauti kati ya familia ya kitabu cha sheria na familia ya Igembe ni filamu nzima. Imelala hapo ndani ya Kanuni ya Adhabu, bure, haina hakimiliki. Na sisi tunaenda kuazima ndugu wawili wa Chicago!

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimeshapewa. "Mtazamaji wa nje hatamwelewa sabuchifu." Wueh. Mtazamaji wa Maua amemwelewa kapo wa Sicilia tangu The Godfather itoke mwaka 1972, na hakuna aliyemfafanulia. Tunaelewa sherifu, tunaelewa yakuza, tunaelewa mfalme wa Uskoti anayeua mgeni wake kitandani. Eti mwenye fomu ya kifo mkononi ndiye atakayewashinda watu kuelewa? Mtu yeyote duniani aliyewahi kuzika anajua kuna karatasi inayotangulia jeneza.

Na wakitaka ukale, tuwape ukale. Sophocles aliandika Antigone zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Ndugu wawili wameuana, mmoja amezikwa kwa heshima, mwingine amekatazwa kuzikwa, na dada yao anamzika kwa lazima. Kila warsha inafundisha kwamba huo ni mgogoro wa sheria na familia. Ni nani aliyeweka hiyo sheria? Creon. Na Creon ni nani kwa Antigone? Ni kaka wa mama yake. Ni mjomba! Tena ndiye baba wa kijana anayetaka kumwoa. Ondoa ujomba huo na hadithi inabaki kesi ya kukaidi amri ya serikali. Wagiriki walijua walichokuwa wanafanya, sisi ndio tuliopewa muhtasari mbovu.

Au tubaki Kenya. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wake wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga. Nchi nzima ilikaa na redio na magazeti hadi Mei 1987 alipozikwa, na ukoo ndio ulioshinda. Hakukuwa na bunduki wala genge. Kulikuwa na maiti, na swali la ni nani hasa aliye jamaa ya marehemu. Watu wa rika la wazazi wangu bado wanabishana juu yake wakipewa chai.

Hata hapa Meru hatukusubiri filamu kutufundisha nyumba iliyogawanyika. Miaka ya 1950, wakati wa Mau Mau, boma moja liliweza kuwa na kijana msituni na kijana mwingine homgadi, na mama mmoja akiwapikia wote kwa nyakati tofauti. Vita vilipoisha hata ushindi wenyewe ukagawanyika: Musa Mwariama alitoka msituni akapokelewa na Kenyatta, na Baimungi akauawa mwaka 1965 na serikali ya Kenya huru. Ukitaka kujua uaminifu unavyopasuka, zungumza na wajukuu. Wako hapa, wanauza mitumba na miraa kama sisi wengine.

Nirudi kwa hiyo miraa, kwa sababu ndiyo inayoharibiwa zaidi kwenye loglaini hizi. Mwandishi akisikia Maua, anaandika "biashara haramu ya dawa za kulevya". Haramu wapi? Hapa ni zao la kilimo, limo kwenye sheria ya mazao, na lina kanuni zake za mwaka 2023. Jani hilohilo likivuka Namanga linaitwa mirungi na ni kosa. Likifika London lilikuwa halali mpaka tarehe 23 Juni 2014, kesho yake likawa la kukamatiwa. Uholanzi walikuwa wametangulia mwaka 2013. Somalia ilisimamisha ndege za miraa Machi 2020 na kuzifungulia Julai 2022, na katikati ya miezi hiyo kulikuwa na nyumba hapa zilizouza ng'ombe, kisha pikipiki, kisha zikaanza kutazamana. Ndugu wawili waliogawana shamba bei ikiwa juu hawakuwa ndugu walewale bei ilipoanguka. Nani aliamua hilo? Waziri fulani, ofisi fulani, ng'ambo ya bahari. Mwandishi anayeandika "dawa za kulevya" amelitupa hilo lote ili apate neno ambalo kila mtu amelichoka.

Sisemi kanuni za loglaini hazina maana. Mkufunzi yule alikuwa sahihi kwenye mambo kadhaa, na ningekuwa mnafiki nisipokiri: awepo mtu mmoja anayetaka kitu, pawe na kizuizi, pawe na siku ya mwisho, pawe na hasara. Nimezitumia zote. Kosa lake ni kudhani "familia" ni mhusika. Familia haiwezi kuingia mlangoni. Mpe mtu jina la uhusiano, mjomba au dada au mpwa, na Kiswahili kitakufanyia nusu ya kazi. Kwa neno moja tu, mpwa, tumeshajua nani anamdai nani heshima.

Halafu kuna yale ambayo hayataingia kwenye sentensi kamwe, na ni sawa. Kwa Wameru kuna kitu kinaitwa gichiaro, udugu wa kiapo kati ya koo na koo. Mtu wa gichiaro chako huwezi kumnyima anachokuomba, wala kumdanganya. Fikiria mzee wa gichiaro anafika kwa sabuchifu Ijumaa jioni, anakaa, anapewa chai, anauliza swali moja tu: kijana alikufaje? Nikiweka hilo kwenye loglaini itabidi nilifafanue na sentensi itakufa. Lakini najua liko ndani ya nyumba, chumba cha nyuma, linangoja. Anayeisoma loglaini hahitaji kujua. Mimi ndiye ninayehitaji.

Pingamizi moja tu ndilo limeninyima usingizi, na halikutoka kwa prodyuza. Rafiki yangu wa hapa Maua, mwalimu, alisoma rasimu akasema: "Kwa hiyo unataka dunia ijue tunaua watoto kwa sababu ya majani?" Sikuwa na jibu la haraka. Habari zikitoka huku ni miraa, ni vurugu, ni mwizi aliyechomwa, halafu kamera inaondoka. Naogopa kuongeza picha nyingine kwenye rundo hilo. Nilichomwambia ni kwamba habari huhesabu marehemu na kuondoka, lakini hadithi inabaki hadi Jumamosi na kumwuliza kila mtu aliyekuwepo jina lake. Hakuridhika. Sijui kama mimi mwenyewe niliridhika. Lakini ile sentensi ya kwanza, ya mpelelezi shupavu, hakuipinga. Hakuwa na sababu, kwa kuwa haikumhusu mtu yeyote anayemjua.

Basi hivi ndivyo ilivyopungua. Rasimu ya pili ilikuwa na maneno "katika mji wa Maua wenye ukungu", nikayafuta kwa sababu kuweka ukungu si kuweka mahali. Ya tatu ilikuwa na kaka, dada, fidi ya shule, mti, fomu na jeneza, maneno 52, mkokoteni mzima. Ya nne nilijaribu kumfanya kaka kuwa mtu mbaya, mlevi, mwenye deni. Nikamwondolea ubaya wote, maana akiwa mbaya sabuchifu hana kazi ngumu. Kaka lazima awe mtu ambaye ungemkopesha pesa. Labda hata hakumtambua mpwa wake gizani. Labda alimtambua. Hilo nimelificha hata kwenye skripti hadi karibu na mwisho.

Sasa inasomeka hivi:

"Naibu wa chifu ana siku tatu kabla ya mazishi kuandika kilichomuua mpwa wake, aliyekutwa amekufa kwenye shamba la kaka yake."

Nilimpelekea shangazi. Ilikuwa jioni, gari limeshaondoka, alikuwa ananawa mikono ile rangi ya kijani isiyotoka. Nikamsomea. Akanyamaza kwa muda, akakausha mikono kwa leso.

"Huyo naibu," akasema, "ni mwanamke?"

Nikasema ndiyo.

"Ameolewa huko au bado yuko kwao?"

Sikuwa nimefikiria. Nimerudi mezani.